Moto Usiogusa Ukuta

Nilifika kwenye Nyumba ya Moto siku ambayo jua lilichomoza mara mbili. La kwanza lilipanda hadi usawa wa mapaa, likasita, likarudi chini kama mgeni aliyekosea mlango. La pili likaja taratibu baada ya watu kumaliza chai. Hakuna aliyeshangaa. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya lango alikinga macho kwa mkono, akasema, "Hili ndilo letu," kisha akaendelea kufagia. Nikajua nimeingia katika nchi ambayo vitu havina haraka ya kuwa vyenyewe.

Nilikuwa nimeitwa kusoma ukingo. Ndani ya Nyumba ile kulikuwa na chumba cha mviringo, mfano wa bangili kubwa iliyolazwa chini, na ndani ya bangili hiyo uliishi moto. Haukuwa moto wa kuni wala wa mafuta. Ulikuwa hewa iliyopashwa hadi ikasahau kuwa ni hewa, ikawa ndugu wa jua. Hakuna chuma cha kuushika moto wa namna hiyo, wala jiwe. Ukikigusa kitu, kitu hicho huyeyuka, nao wenyewe hupoa na kufa. Kwa hiyo wajenzi wa zamani waliuzungushia sumaku. Nguvu za sumaku zikawa mikono isiyoonekana iliyoukumbatia pande zote, na moto ukawa unazunguka katikati ya chumba mwaka baada ya mwaka bila kuugusa ukuta. Mji mzima ulipata mwanga kutoka humo.

Moyo wa moto ule ulikuwa mtulivu. Nilipochungulia kwa mara ya kwanza kupitia dirisha nene la ukutani, nilijiona kama ninayechungulia usingizi wa mtu. Lakini ukingoni, pale moto unapokoma na utupu unapoanza, hapakuwa na utulivu hata kidogo. Vizingo vidogo vilizaliwa, vikazunguka, vikamezana, vikafa. Vingine vilijitenga na wenzao, vikaruka kuelekea ukutani, vikazimika njiani. Ulikuwa kama uso wa maziwa yanayokaribia kuchemka, na anayeyaangalia hajui kama ayaepue au angoje. Huo ndio msukosuko nilioitwa kuusoma.

Swali langu lilikuwa jepesi kulitamka: kitu huishia wapi? Mkono wangu unaishia kwenye ngozi, lakini joto la mkono huo linavuka ngozi na kumfikia niliyemshika. Sauti yangu inaishia wapi, mdomoni mwangu au sikioni mwa anayenisikia? Na mama aliyenizaa kisha akafa, je, ameisha, ilhali mimi nakohoa kama yeye? Niliamini kwamba mahali pa kujibiwa swali hili ni pale ambapo kitu kinapigania mpaka wake mbele ya macho yako.

Mkuu wa Nyumba aliitwa Mwinyimvua. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuongea huku ameuelekezea uso mlango, kama anayetarajia kuitwa.

"Shikamoo, Bwana Mkuu," nilimwambia.

"Marahaba, Mwanakheri. Karibu tena."

"Samahani, mimi ni Sikudhani. Ndiyo kwanza nafika."

"Ndiyo," akasema. "Karibu tena, Mwanakheri."

Tulipotoka ofisini kwake, mhandisi wa sumaku aliyekuja kunipokea alinishika kiwiko. Aliitwa Kazija, mwanamke wa makamo mwenye kilemba cha rangi ya kahawa na vidole vilivyokuwa na nguvu kuliko umbo lake. "Usihangaike kumsahihisha," aliniambia. "Mwanakheri ndiye aliyekuwa akisoma ukingo kabla yako. Aliondoka siku moja bila kuaga. Kwa Mkuu, msomaji wa ukingo ni mtu mmoja tu, nyuso ndizo zinazobadilika."

"Na wewe utaniitaje?"

Akafikiri. "Nitajitahidi," akasema.

Hakujitahidi sana. Baada ya muda Nyumba nzima iliniita Mwanakheri, na nikaacha kukataa. Kisha nikaanza kukumbuka mambo ambayo hayakunipata: ua wenye mkomamanga, dada aliyekuwa akinisuka nywele kwa hasira. Mimi sikuwahi kuwa na dada. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha lile nene, uso wangu ukiwa juu ya moto, na kingo zake zikitetemeka pamoja na kingo za moto. Nikajiuliza. Mimi. Hapa. Mpaka wapi?

Mwinyimvua alikuwa na ombi moja, na alilirudia kila tulipokutana. "Unyamazishe ukingo, Mwanakheri. Sitaki kingine. Moto uwe kama yai: ndani uhai, nje pametulia."

Nilidhani ni tamaa ya mtawala, maana watawala wote niliowahi kuwasikia walitaka hivyo hivyo, mipaka isiyosema kitu. Kazija ndiye aliyenionyesha kwamba sivyo. Tulikuwa tumekaa kwenye ukumbi unaouzunguka ukuta wa chumba cha moto, tukila mihogo ya kuchemsha aliyokuja nayo, nikamwuliza kwa nini kipande kimoja cha ukuta kina rangi tofauti na vingine.

"Hapo ndipo ulipopasuka," alisema. "Ukingo ulichafuka ghafla, moto ukauma ukuta, joto likatoka hapo kama pumzi. Mume wangu Makame alikuwa amesimama karibu. Makame ni mdogo wake Mkuu, baba mmoja mama mmoja. Mkuu alikuwa naye. Alimbeba mikononi kutoka hapa hadi uani, na uani alifika na maiti."

Alichomoa nyuzi za muhogo, akaziweka pembeni ya sahani.

"Walikuwa wawili tu njiani," aliendelea. "Makame alikuwa bado anaongea. Mpishi aliyewafungulia mlango alimsikia akiongea, ila hakushika maneno. Kwa hiyo kuna maneno, na mtu mmoja tu duniani anayajua."

"Hukumwuliza?"

"Mwanzoni niliogopa. Baadaye nikaona aibu ya kuchelewa."

"Na yeye hakukwambia?"

"Hunijulia hali kila asubuhi. Hujambo, shemeji. Sijambo, shemeji. Umelala salama? Salama. Hajawahi kunikosea adabu hata siku moja." Akasimama, akakung'uta sketi. "Nyamazisha huo ukingo, mdogo wangu, kama unaweza. Mimi pia ningependa kuona."

Nikaweza. Nilikuwa nimeona kwamba katikati ya vizingo vile hupita, mara chache, mkondo mwembamba unaoteleza kinyume na mwendo wao, na kila unapopita huvikata kama uzi unavyokata ugali. Nikamwonyesha Kazija. Akacheza na koili zake, zile nyaya zilizosokotwa zinazoipa sumaku nguvu, akaulazimisha mkondo ule ukae, usije na kuondoka. Tulikuwa tumesimama dirishani wote watatu, lakini Mwinyimvua alikuwa ameuelekezea uso mlango. Ukingo ulitetemeka, ukajikunja, ukatulia. Palipokuwa na povu pakawa na mstari safi, kama ulionyooshwa kwa kisu.

"Tayari?" aliuliza bila kugeuka.

"Tayari, shemeji," Kazija alisema.

Mwinyimvua alikaa sakafuni pale pale, mtu mzima na kanzu yake nyeupe, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Moto ukaongezeka. Kwa kuwa hakukuwa na kinachovuja, joto lote lilibaki ndani, na taa za mji zikang'aa kuliko zilivyopata kung'aa. Watu walisifu. Lakini nilipotoka kwenda sokoni niliona jambo jingine. Maji kwenye ndoo hayakutikisika wanawake walipotembea nayo. Majani ya mtini uliokuwa langoni yaliacha kuchezacheza. Wauzaji walitaja bei, wanunuzi wakakubali bei hiyo hiyo. Sisi, ukituuliza habari za nyumbani, huanza kwa kusema njema, kisha tukaongeza ila: njema, ila mtoto ana homa, njema, ila bibi ametutoka. Katika njema tunakuwa na adabu, katika ila tunakuwa wakweli. Siku zile neno ila lilipotea mjini. Niliwasalimu watu wakajibu njema, kisha wakanyamaza, na ndani ya macho yao nikaona kitu kikijaa bila njia ya kutokea.

Ndipo alipokuja Mwanakheri mwenyewe. Nilimkuta langoni mchana, mwanamke wa umri wangu, ameshika mkoba wa ukili, anautazama mtini.

"Umeacha kutikisika," aliniambia, "nikajua mmefanya."

"Wewe ni nani?"

"Mwanakheri. Ingawa nami lile jina nililikuta hapa. Aliyekuwa kabla yangu ndiye aliyekuwa na mkomamanga na dada. Au labda aliyekuwa kabla yake." Alitabasamu kidogo. "Nilijua namna ya kuunyamazisha. Niliondoka ili nisifanye."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Nimwambie yule mzee nini? Kwamba kitu anachokiogopa ndicho kinachomweka hai? Mimi sina ulimi huo. Labda wewe unao." Kabla hajaondoka alinigusa shavu, na sikuweza kujua ni mkono wake uliokuwa na joto au ni shavu langu. "Utazame moyo," alisema. "Kila moto una majivu."

Nikarudi ndani, nikautazama moyo. Sikuwa nimeutazama kwa muda mrefu, maana macho yangu yalikuwa yamezoea ukingo. Katikati ya ule weupe kulikuwa na doa la kijivu. Moto ule, kama moto wowote, uliacha masazo ya kuungua kwake, na zamani masazo hayo yalitoka polepole kupitia fujo za ukingoni, pamoja na joto kidogo, kila siku, bila mtu kuyaona. Sasa hayakuwa na njia. Yalikuwa yakirundikana moyoni, na moyo ulikuwa ukianza kuzimika kutoka ndani. Na kwenye ule mstari safi, joto lilikuwa limejipanga nyuma ya mpaka kama maji nyuma ya mlango.

Nilikaa chini. Nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelitafuta maisha yangu yote, na halikunifurahisha kama nilivyotarajia. Ukingo si mahali kitu kinapoishia. Ni mahali kinapopumulia. Tulikuwa tumeubana pua moto tukauita utulivu.

Kazija alipoliona doa hakuhitaji kuelezwa. "Naweza kulegeza koili za nje kidogo," alisema. "Kidogo sana, ili vizingo virudi."

"Basi tulegeze."

"Bila kumwambia?"

"Akikataa?"

"Akikataa, atakuwa amekataa mbele yetu. Sifanyi kitu nyuma ya mgongo wake. Mambo ya nyuma ya mgongo yametosha katika nyumba hii."

Tukamwendea. Alitusikiliza akiwa amesimama, uso mlangoni, mikono nyuma.

"Mnataka kuurudisha msukosuko," alisema.

"Mdogo, Bwana Mkuu," nilimwambia. "Moto usiponung'unika kidogo kidogo utapiga ukelele mmoja. Na ukelele huo ukuta hautauweza."

"Mlinihakikishia umenyamaza."

"Umenyamaza. Ndiyo shida yenyewe."

"Mwanakheri, nimesubiri kimya hiki tangu nikiwa na nywele nyeusi." Hakuongea kwa ukali. Aliongea kama mgonjwa anayeombwa arudishe blanketi. "Ninalala sasa. Unajua mimi nilikuwa silali? Nilikuwa nausikia ule mlio nikiwa kitandani, upande wa pili wa mji. Leo mnaniambia niuamshe."

"Njoo uutazame, shemeji," Kazija alisema.

"Niutazamie nini?"

"Tangu siku ile hujawahi kuchungulia dirishani. Unauongoza moto usiouona. Njoo utazame, kisha amua. Ukisema tuuache, tutauacha, na mimi nitasimama hapo hapo nao."

Aliuacha mlango, akageuka. Kisha akatembea. Ukumbi ule ni wa mviringo, na anayeufuata hurudi alikotoka. Siku ile ulionekana mrefu kuliko kawaida, na nilipomtazama Mwinyimvua ubavuni mwangu, mara alikuwa mzee, mara kijana mwenye kifua kipana, mikono yake imekunjwa mbele kama aliyebeba kitu kizito. Kazija alikuwa akitembea upande wa pili, na sijui yeye aliona nini. Tulifika dirishani, naye akaweka paji la uso kwenye kioo.

Aliliona doa. Nilijua kwa namna mabega yake yalivyoshuka.

Wakati huo huo sakafu ikatikisika. Haikuwa kwa nguvu kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyestuka usingizini. Kwenye ule mstari safi palifunguka mdomo, ulimi wa mwanga ukaruka, ukalamba ukuta upande wa mbali. Kigae kimoja kikawa chekundu, kikabaki chekundu. Joto lililojipanga lilikuwa limeanza kusukuma mlango wake.

Niliogopa. Miguu ilitaka kukimbia na sikuwa na haya nayo. Kazija tayari alikuwa kwenye vishikio vya koili, mikono juu yake, anamtazama shemeji yake, anangoja. Nadhani ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kumwona mtu akifanya, kule kungoja.

Mwinyimvua hakuondoa uso kwenye kioo. "Fungua," alisema. Kisha, kama aliyeona kwamba neno moja halitoshi, "Fungua, shemeji. Pole pole."

Kazija alilegeza. Kwa kitambo hapakutokea kitu. Mdomo mwingine ulianza kufunguka ukingoni, nami nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mstari ulikuwa umekwaruzika. Kizingo kimoja kilizunguka peke yake, kama mtoto wa kwanza kufika uwanjani. Kikaja kingine. Vikaongezeka, vikamezana, vikarushiana cheche, na ule mlio ukarudi kwenye ukuta, mlio mdogo wa kunung'unika, unaousikia zaidi kwa miguu kuliko kwa masikio. Kigae chekundu kikapoa, kikawa cheusi. Taa za ukumbini zilififia kidogo, na tangu hapo hazikung'aa tena kama siku zile. Mji umezizoea hivyo. Doa la kijivu halikuondoka mara moja. Lilianza kukonda pembeni, na tulisimama tukilitazama likikonda hadi magoti yangu yakauma.

Mwinyimvua aliusikia mlio, lakini hakuuacha ukuta. Aliweka viganja vyote viwili juu yake.

Kazija aliacha vishikio, akafuta mikono kwenye sketi yake, akasimama karibu naye. Nilitaka kuondoka, lakini njia ilipita mbele yao.

"Shemeji," alisema. "Makame alisema nini njiani?"

Alivuta pumzi mara kadhaa kama anayejaribu kuinua kitu na kukirudisha.

"Nilitaka kukwambia siku ile ile," alisema mwishowe. "Nikakukuta umekaa mkekani na watu. Nikasema nitamwambia baada ya matanga. Baada ya matanga nikaona, nitampa nini huyu? Hakukutaja, Kazija. Hilo ndilo nililolificha. Nilimsubiri akutaje, nilimwambia kabisa, sema neno nimpelekee mkeo. Hakusema. Alimwita mama. Mama, mama, njia nzima. Na mama alikuwa amekwisha kufa sisi tukiwa wadogo." Alikandamiza viganja ukutani. "Nikaona bora ukae hujui, kuliko ujue kwamba hukuwepo."

Kazija alitazama sakafu. Kisha mabega yake yalianza kutikisika, na kwa muda sikujua ni kilio au kicheko, hadi alipoinua uso na nikaona ni vyote viwili.

"Makame alimwita mama yake akiumwa jino," alisema. "Alimwita akikanyaga mwiba. Akipanda ngazi na gunia la mchele, mama. Usiku wa harusi yetu aligonga goti kwenye kitanda, akasema mama, nikamwuliza nimwite aje?" Alifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Miaka yote hii, Mwinyimvua. Mimi nilidhani alinilaani."

"Akulaani kwa nini?"

"Asubuhi ile tuligombana."

"Hakusema neno baya hata moja."

"Sasa najua."

Wakakaa chini wote wawili, migongo ukutani, moto ukinung'unika nyuma yao. Mimi nilibaki nimesimama, nikamtafuta ndani yangu yule mwenye mkomamanga, sikumwona. Nikamtafuta Sikudhani, nikamkuta amechoka na ana njaa, na hilo likanitosha kwa siku ile.

"Aliongea kwa shida?" Kazija aliuliza.

"Hapana. Alikuwa na sauti. Nilimfunika kifua kwa shati lake lile la buluu."

"Hakuwa na shati la buluu."

"La buluu, shemeji. Nalikumbuka kama leo."

"La kijani. Nililifua mimi, nikalianika mimi. Kola yake ilikuwa imechanika nikaishona."

"Kola ndiyo, ilikuwa imeshonwa. Lakini rangi ilikuwa buluu."

"Mwinyimvua, usinifundishe nguo za mume wangu."

"Sikufundishi. Nasema nilichokiona."

Nikapita mbele yao taratibu, nikaufuata ukumbi hadi mlangoni. Niliwasikia muda mrefu, sauti zikipanda kidogo, zikishuka, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na hakuna aliyekuwa tayari kuliachia lile shati.